Babu alipokea mizigo ya miavuli Bama, baba aliruka Gilgil, mimi Benning: wenzangu wa miavuli na familia zenu, karibuni tusimuliane

#1 Mjukuu wa Keya

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Juzi mama alikuwa anatoa vitu stoo huko nyumbani Nyahururu, akakuta kamba imeviringwa ndani ya mkebe wa kahawa. Ni kamba ya nyuzi za gunia, nene kama kidole cha mtoto. Akataka kufungia mlango wa banda la kuku. Mzee, yaani baba, akamwambia aiache, akaichukua, akaketi nayo chini ya mti mpaka chai yake ikapoa. Habari hii nimeipata kwa mama. Mzee mwenyewe hakusema neno, na hapo ndipo nilipoona nianzishe uzi. Nyumbani kwetu wanaume watatu tumekutana na mwavuli wa jeshi, vizazi vitatu vinavyofuatana, na hakuna aliyewahi kukaa chini akamweleza mwenzake ilikuwaje.

Kamba ni ya babu. Aliirudisha kutoka Bama, yaani Burma, kwenye Vita Vikuu vya Pili.

Babu alikuwa askari Keya (KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Humo mlikuwa na vikosi vya Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Walipitia Ceylon kwa mazoezi, na katikati ya mvua za 1944 wakateremka bonde la Kabaw wakiwafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin. Barabara ziligeuka uji. Malori yalizama hadi kwenye milango, nyumbu wakashindwa, malaria ikawa adui wa pili. Chakula na risasi vikawa vinaletwa na ndege za Dakota na kudondoshwa kwa miavuli.

Sasa sikieni jambo ambalo mimi nililisoma nikiwa mtu mzima, nikaielewa ile kamba. Miavuli ya hariri ilikuwa haitoshi. Jenerali Slim, mkuu wa Jeshi la 14, akawageukia wenye viwanda vya magunia vya Calcutta, na ndani ya mwezi mmoja hivi ukapatikana mwavuli wa nguo ya gunia. Ulikuwa wa mizigo tu, haukubeba mtu. Gharama yake ilikuwa kama pauni moja, wakati ule wa kawaida ulizidi pauni ishirini. Kwa hiyo mchele aliokula babu yangu msituni ulishukishwa na gunia lililoshonwa na mikono ya Wabengali ambao hakuwaona maishani.

Sisi wajukuu alitusimulia kitu kimoja tu: kwamba ndege zikija walikuwa wanakimbilia chini ya miti mikubwa, kwa sababu magunia mengine yalitupwa bila mwavuli na yaliweza kuua mtu. Desemba ile walifika Kalewa, wahandisi wakatandika daraja la Bailey, lile la vipande vya chuma vinavyounganishwa, la zaidi ya mita 350 juu ya Chindwin, refu kuliko yote ya aina yake wakati ule. Alirudi nyumbani na nishani, koti zito na hiyo kamba. Kiinua mgongo chake kilipimwa kwa rangi ya ngozi yake. Hilo aliliongea mara nyingi kuliko vita yenyewe.

Baba alikuwa 20 Para, kikosi cha miavuli cha jeshi la Kenya, Gilgil. Tulikua kwenye kota za kambi. Siku za kuruka, mama alikuwa anaanika nguo huku anatazama juu. Ndege ya Buffalo ikipita tulikuwa tunamsikia akihesabu kwa sauti ya chini, miavuli ikichanua mmoja baada ya mwingine, na akimaliza anarudi kwenye beseni lake. Hakuwahi kutuambia alikuwa anahesabu nini. Sisi tulidhani ni mchezo, tukahesabu naye.

Kazi ya mzee haikuongelewa nyumbani. Ila ukiruka kutoka ukutani, hata ukiwa na miaka mitano, utasikia sauti kutoka ndani ya nyumba: "Miguu pamoja!" Ndugu zangu wote wanne tunashuka matatu hivyo hadi leo.

Mimi nilipata grini kadi, nikaingia jeshi la Marekani, na 2009 nikapelekwa Fort Benning, Georgia. Kozi ni wiki tatu: ya ardhini, ya minara, ya kuruka. Walimu huvaa kofia nyeusi na huruhusiwi kutembea, kila uendako ni kukimbia mwendo wa jongoo. Wiki ya kwanza unajifunza hasa kuanguka. Siyo kuruka, kuanguka. Unatua kwa sehemu tano zinazofuatana: nyayo, shavu la mguu, paja, tako, kisha msuli wa ubavu chini ya kwapa. Mwavuli wa T-10 tuliotumia ulikuteremsha karibu mita saba kwa sekunde, sawa na kuruka kutoka ukuta wa mita mbili na nusu. Ukipokea kishindo hicho kwa goti moja, goti hilo ndilo utakalozeeka nalo.

Kuna pia mnara wa mita kumi. Unaruka ukiwa umefungwa kwenye waya. Mita kumi tu, lakini niliona wanaume wa miraba minne wakigandia mlangoni. Ukiwa juu sana ardhi inakuwa picha. Mita kumi unaona kokoto moja moja, na akili inajua kabisa itakavyokuwa ukizigonga.

Mruko wa kwanza tulipanda ndege ya C-130. Ng'ambo ya mto Chattahoochee, upande wa Alabama, kuna uwanja wa kutulia unaoitwa Fryar. Mkisimama, kila mmoja ananasa kamba yake kwenye waya wa ndege, hiyo ndiyo itakayovuta mwavuli ufunguke. Kisha inakuja amri ya kukaguana. Wa mwisho anaangalia vifaa vya aliye mbele yake, anampiga paja na kusema sawa, naye anampiga wa mbele yake, na pigo linasafiri hivyo mstari mzima hadi kwa jampumasta, msimamizi wa kuruka, mlangoni. Yule aliyenigusa mimi tulikuwa hata hatujasalimiana wiki ile.

Nilitoka. Nikahesabu elfu moja, elfu mbili, elfu tatu, elfu nne, kwa Kiswahili, wala sijui kwa nini. Mwavuli ukafunguka, kelele zote zikakatika kama mtu amefunga mlango wa kanisa. Kisha nikafanya kosa ambalo nilikanywa tangu utotoni. Nikatazama chini, nikanyoosha mguu mmoja kuitafuta ardhi. Kifundo kikapinda. Niliwaficha walimu, nikafunga bandeji ndani ya buti na kumalizia miruko minne iliyobaki hivyo hivyo.

Jioni ya kuvishwa mabawa nilimpigia mzee. Mazungumzo yote yalikuwa haya:

"Ulitazama chini?"
"Ndiyo, baba."
"Hata mimi."

Karibuni. Nataka kusikia nyumba zenu zilikuwaje.

#2 Mstaafu Tabora

Marahaba kijana. Mimi nimestaafu JWTZ, sikuruka, nilikuwa wa mizinga. Lakini umenigusa uliposema Kabaw, maana baba yangu naye alikuwemo, kutoka upande wetu wa Tanganyika.

Yeye alisimulia kidogo zaidi ya babu yako, labda kwa sababu alipenda kusimulia akiwa mgonjwa. Alisema walimzika mwenzao ndani ya nguo ya mwavuli wa gunia kwa sababu hapakuwa na sanda, na mvua haikuwapa muda wa kutafuta kingine. Alikuwa jirani wa kijiji chetu. Baba alipofika nyumbani alikwenda kwa mama wa marehemu, akamwambia mwanao amezikwa ndani ya nguo safi. Ilikuwa inamsumbua hata akiwa na miaka themanini, kwamba alisema "nguo safi".

Nje ya mji wa Yangon, pale Taukkyan, kuna ukumbusho wa wasio na kaburi linalojulikana, majina karibu 27,000. Wengi ni wa jeshi la India, na askari wa Afrika wamo. Mjukuu wangu alinitafutia jina la yule jirani kwenye orodha. Limeandikwa kwa tahajia ya ajabu, lakini ni yeye. Nimelichapisha, nimempelekea mpwa wake.

Huyo mama yako anayehesabu miavuli, mpe heshima zangu.

#3 Mwana wa Kolwezi

Jambo yenu bote. Naandika Kiswahili cha shule ili tuelewane, cha kwetu Katanga mtanisamehe.

Mimi nilikuwa na miaka tisa Mei 1978. Waasi wa FNLC, waliompinga Mobutu, waliingia Kolwezi, mji wetu huko Katanga, Zaire ya wakati ule, tarehe 13 wakitokea Angola kwa njia ya Zambia. Dunia inakumbuka tarehe 19, Legioni ya Ufaransa iliporuka juu ya mji wetu. Niliwaona. Tulikuwa tumelala chini ya kitanda siku sita, na baba mdogo akachungulia akasema mbingu imejaa uyoga. Baadaye nikasoma kwamba miavuli ile haikuwa hata yao, ilikuwa ya Kimarekani kutoka ghala za Zaire, wakajifunza kuivaa saa chache kabla.

Lakini nimekuja kuandika juu ya tarehe 16. Siku tatu kabla ya Wafaransa, kombania ya askari wa miavuli wa Zaire ilirushwa palepale Kolwezi. Walitawanyika, waliangukia mikononi mwa adui, wengi wakafa. Kaka mkubwa wa mama yangu alikuwa miongoni mwao. Alifunzwa katika kambi ya CETA, Ndjili, Kinshasa. Katika miaka ile kuvaa mabawa Zaire kulikuwa jambo kubwa sana, Mobutu mwenyewe alipata yake Israel 1963 na hakuyavua. Mjomba alipokuja likizo alitembea nayo hadi sokoni, na sisi watoto tulimfuata nyuma.

Alirushwa juu ya mji aliozaliwa. Bibi yangu alikuwa kilomita mbili kutoka hapo, na hakujua kwamba mmoja wa wale ni wake. Alijua mwezi wa sita.

Kila mwaka watu huandika habari za tarehe 19. Naomba mara moja moja mtu aandike pia tarehe 16.

#4 Mjukuu wa Keya

Mwana wa Kolwezi, pole sana, na pole kwa bibi. Tarehe 16 nimeiandika kwenye kalenda yangu hapa jikoni.

Mzee wa Tabora, shikamoo tena. Mama nimempa heshima zako, amesema amezipokea. Na kwa mara ya kwanza amenijibu alikuwa anahesabu mpaka ngapi. Anasema hakuwa na namba. Alikuwa anasubiri tu ndege iache kutoa watu, halafu ahakikishe kila kilichotoka kimechanua.

#5 Kuruta Mtarajiwa

Habari wakubwa. Mimi nina miaka ishirini, niko Ohio na wazazi, nataka kusaini mkataba wa kuruka. Mama hataki. Swali langu ni la kitoto: mwavuli ukikataa? Na je, sisi weusi tunachukuliwaje huko?

#6 Mjukuu wa Keya

Mdogo wangu, siyo la kitoto. Kuna mwavuli wa akiba kifuani, nao unafunguliwa kwa mkono. Sisi wa T-10, ukifika elfu nne bila kusikia mvuto begani, huulizi mtu, unavuta. Lakini kinachotokea zaidi ni vitu vidogo. Kamba zinajisokota na unapiga miguu kama mwendesha baiskeli mpaka zijisokotoe, au unakaribiana na mwenzako hewani mnapigiana kelele mkwepane. Na upepo wa chini, mdogo wangu. Wengi wanaoumia, nilivyoona kwenye kikosi changu, Divisheni ya 82 ya miavuli, waliumizwa na upepo wa mita chache za mwisho au kuburutwa wakishatua.

La pili nakujibu kwa watu waliotangulia. Mwishoni mwa 1943 pale pale Benning askari weusi waliwekwa kulinda shule ya miavuli ambayo wao hawakuruhusiwa kusoma. Sajini wao Walter Morris aliona wanavunjika moyo, akaanza kuwafanyisha jioni mazoezi yale yale waliyokuwa wakiyaona mchana kwa wazungu. Mkuu wa shule, Jenerali Gaither, akaona. Likapatikana kundi la majaribio, na Februari 1944 watu 16 wakavaa mabawa. Hao ndio waliokua wakawa Kikosi cha 555. Hawakupelekwa Ulaya. 1945 walipelekwa Pendleton, Oregon, kuruka kwenye misitu inayoungua, kwa sababu Wajapani walikuwa wanarusha maputo yenye mabomu yavuke Pasifiki. Waliruka zaidi ya mara 1,200. Mmoja wao, Malvin Brown, alianguka kutoka mtini tarehe 6 Agosti 1945 akafa.

Nilipokuwa nakimbia ule mwendo wa jongoo kwenye mavumbi ya Benning niliwafikiria sana. Mimi nilifundishwa. Wao ilibidi waige kwa macho.

Kuhusu mama yako, usimdanganye. Mwambie siku za kuruka. Atahesabu, hata akiwa mbali.

#7 Binti Mkonge

Samahani, nimekuwa nikisoma kimya kimya siku tatu. Mimi siyo mrukaji kwa kazi, ingawa nimeruka. Mimi nakunja.

Ni mtoto wa Tanga, baba alifanya kazi katika mkonge maisha yake yote, kwa hiyo kamba nilizijua kabla ya herufi. Nilifunzwa Fort Lee, Virginia. Sisi huvaa kofia nyekundu, na neno letu ni kwamba nitakuwa na hakika daima. Kukunja mwavuli siyo kama kukunja shuka. Unaulaza kwenye meza ndefu, ule wa T-10 ulikuwa na vipande thelathini na kamba thelathini, unavihesabu na kuvipanga, na kila baada ya hatua fulani unasimama, unanyoosha mkono, mkaguzi anakuja kuangalia kabla hujaendelea. Ukisahau kumwita, unaanza upya. Mwisho wa kozi wanakupandisha ndege na mwavuli ulioukunja wewe mwenyewe. Siku ile hakuna mwanafunzi anayeharakisha.

Kila mwavuli una kijitabu kidogo mfukoni mwake. Humo kuna tarehe na sahihi ya aliyeukunja. Anayeruka hana muda wa kukisoma, na wala hakimhusu. Ila mume wangu anaruka, hapa Fort Bragg, na siku moja alirudi akaniambia wakati wanasubiri uwanjani alichungulia kijitabu akakuta sahihi yangu. Alifurahi mno. Aliwaonyesha wenzake. Mimi nilikwenda bafuni nikafungulia maji.

Miaka sita sikumwambia mtu hili: tangu siku ile, kila mwavuli naukunja kama nimeona jina la atakayeuvaa. Mikono yangu imekuwa ya polepole zaidi, na mkubwa wangu wa meza ameshanisemesha.

Nimesoma maelezo yenu ya baba, babu, mjomba. Wote wameruka au wamepokea. Naomba kuuliza bila kumkosea mtu adabu: mzee wa Gilgil anamkumbuka aliyekuwa anamkunjia?

#8 Mjukuu wa Keya

Dada, nilisoma swali lako nikiwa kazini nikashindwa kuendelea. Nimempigia mzee. Nilidhani atakata maneno kama kawaida.

Ameongea dakika arobaini.

Kulikuwa na koplo mmoja, mtu wa Machakos, mkimya, alikuwa anaimba nyimbo za kanisa akiwa mezani, na wanajeshi walikuwa wanasema ukisikia ameacha kuimba usimkaribie, anahesabu. Mzee anasema alfajiri ya kuruka alikuwa anapitia bandani kwake na mandazi mawili ndani ya gazeti. Hawakuzungumza. Anaweka mandazi, anaondoka. Alifanya hivyo muda wote aliokaa kikosini. Mara moja tu alichelewa, hakupitia, na ndiyo siku kamba zake zilijisokota mpaka karibu na ardhi. Anajua kabisa ni upepo, siyo mandazi. Hata hivyo hakuchelewa tena.

Nilipokuwa darasa la saba mzee alisafiri ghafla akakaa Machakos siku mbili, na nyumbani palikuwa na ugomvi mkubwa kwa sababu alichukua pesa ya karo. Leo ndiyo nimejua alikwenda mazishini. Mama naye leo ndiyo amejua. Nilimsikia nyuma ya simu akisema, "Si ungesema."

Kisha akarudi kwenye ile kamba ya Bama. Anasema alipokuwa mdogo aliwahi kumwuliza babu kwa nini anaitunza kuliko nishani. Babu akamwambia nishani alipewa na watu waliomjua kwa namba, kamba ilifungwa na mtu asiyemjua kabisa, na haikukatika.

Sasa ana ombi. Mkebe umeanza kutu na anahofia nyuzi zitaoza. Anasema nimwulize binti wa Tanga ikunjwe vipi.

#9 Binti Mkonge

Mzee wangu wa Gilgil, shikamoo. Najua mwanao atakusomea.

Itoe kwenye mkebe leo leo, kutu inakula nyuzi. Usiioshe. Ianike kivulini siku mbili mahali penye upepo, jua kali litaikausha ivunjike. Usiifunge fundo na usiikunje kwa pembe kali, iviringe kwa upana wa sahani, legelege, kila mzunguko ulale juu ya mwenzake. Ifunge mahali pawili kwa kitambaa laini cha pamba. Mfuko uwe wa nguo, usiwe wa plastiki, uning'inizwe mahali pasipo panya. Kila mwaka mvua zikiisha ifungue, iangalie yote kwa vidole, iviringe upya.

Na weka karatasi ndogo ndani ya mfuko, mzee. Andika tarehe, halafu utie sahihi yako.

#10 Mjukuu wa Keya

Amesema marahaba. Anatafuta kalamu.